Nani Alimpa Guled Upawa?

Mwalimu Akai alianza kusahihisha zile karatasi akicheka, na alipofika katikati ya rundo hakuwa akicheka tena. Swali lilikuwa jepesi: eleza jinsi chama cha Wanazi kilivyoingia madarakani Ujerumani mwaka wa 1933. Kidato cha nne kizima, bila mtu kumwibia mwenzake, kilikuwa kimejibu kitu kimoja. Kwa bunduki.

Puok aliandika kwamba vikosi viliingia mji mkuu alfajiri kutoka kusini. Thuok, ambaye hakubali kupitwa na Puok kwa lolote lile, akaongeza daraja lililotekwa kwanza. Ebyan alieleza vizuri sana jinsi redio ilivyopiga muziki wa jeshi asubuhi nzima, mpaka kanali mmoja akakohoa na kusoma tangazo. Guled ndiye aliyetia fora. Alichora kizuizi cha barabarani, na mapipa, na askari aliyevaa kandambili.

Sasa utawalaumu? Wengi wa watoto hao walifika kambi ya wakimbizi ya Kakuma wakikimbia risasi, au walilelewa na waliokimbia. Serikali zote walizowahi kuziona au kuzisikia zikibadilika, zilibadilika hivyohivyo, kwa moshi na kandambili. Hawakuwa wajinga hata kidogo. Walijibu walichokijua, nao mtihani ukawapa sufuri.

"Hakukuwa na bunduki," Akai aliwaambia siku iliyofuata. "Jamaa alipewa serikali. Alikabidhiwa mkononi, mchana, na wazee wenye suti."

Darasa liliangua kicheko mpaka mabati yakatetemeka.

"Madam, heshima yako iko juu," Thuok alisema, akisimama kwa adabu zote. "Lakini hapo unatupiga kamba. Serikali si peremende. Nani anaweza kupeana serikali bure?"

Akai alieleza tena. Akachora. Akaeleza mara ya tatu, mpaka chaki ikamwishia. Walimtazama kwa huruma, kama mtu aliyetapeliwa sokoni na bado hajajua. Mambo yangeishia hapo, tungecheka na kwenda zetu, lakini shingo ya Akai ilikuwa kwenye hilo swali. Miaka minne alikuwa akifundisha kwa mkataba wa muhula hadi muhula. Ijumaa ya wiki iliyofuata Bi Ajwang, afisa wa elimu kutoka Lodwar, angekuja kuketi darasani kwake. Bi Ajwang alishayaona yale matokeo. Akiridhika, Akai anapata ajira ya kudumu. Asiporidhika, mkataba unakufa, na Akai anarudi Lodwar kupima sukari dukani kwa shangazi yake. Na Akai alilichukia lile duka, jamani, alilichukia mpaka harufu ya magunia yake.

Jumamosi alipanda gari la mizigo akaenda Lodwar, si dukani, bali kwa mjomba wake Emanikor, mfuga mbuzi mwenye maneno mengi.

"Ejok, mjomba."

"Ejok. Umekuja kunisalimia ama umekuja kuomba?"

"Nimekuja kuomba mbuzi."

"Aaa! Umepata mchumba!"

"Sijapata mchumba, mjomba. Ni wa kufundishia historia. Nataka watoto waelewe Wajerumani."

Emanikor alimtazama mpwa wake kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. "Wajerumani," alisema. "Watu wa mbali huko. Na wao wanataka mbuzi wangu?"

"Watoto ndio watakula. Nikikosa kuwafundisha, kazi imeenda."

Mzee alilalamika mpaka jua likaelekea magharibi. Alisema enzi zake mtu alisoma kwa fimbo tu, na hakuna mbuzi aliyehusishwa. Alisema afadhali Akai angesomea uuguzi. Halafu akaingia zizini akamtoa beberu mnono, mwekundu, mwenye kiburi, akamfunga kamba mwenyewe, akampandisha garini na kumpigapiga mgongoni kama anayesindikiza mtoto bweni. Akai alikaa na yule beberu njia nzima hadi Kakuma, na kila gari liliporuka shimo beberu alimkanyaga mguu.

Mwalimu mkuu, Bi Jebet, alitoka ofisini akasimama mlangoni.

"Akai. Hiyo ni nini?"

"Kifaa cha kufundishia, Madam."

"Kinakula maua yangu."

Akamruhusu, lakini akasema lolote litakalotokea yeye hayumo. Ijumaa asubuhi Billow, baba yake Guled, mwenye bucha karibu na msikiti, alikuja kumchinja yule beberu. Ndivyo inavyofanywa shuleni hapo kila kukiwa na sherehe: anachinja Mwislamu, ili asibaki mtu akitazama wenzake wakila. Wapishi wakateleka sufuria kubwa nje ya dirisha la kidato cha nne. Muhula mzima watoto hao walikuwa wakila mahindi na maharagwe, maharagwe na mahindi. Harufu ya mchuzi ilipoingia, hata waliozoea kusinzia walikaa wima.

Bi Ajwang aliingia, akasalimia, akaelekea benchi la nyuma kabisa, karibu na dirisha, akavaa miwani. Hakutabasamu. Akai alisimama mbele ya ubao.

"Leo hatusomi kitabu," alisema, akainua upawa wa jikoni, ule mkubwa wa kupakulia. "Atakayeshika huu ndiye serikali. Serikali ndiyo itapakua nyama. Itakachosema juu ya nyama ndicho hichohicho."

"Hata ikisema inakula peke yake?" Puok aliuliza.

"Hata ikisema hivyo. Lakini hakuna ngumi wala kunyang'anyana. Ni mikono tu, ya kura. Ukipata zaidi ya nusu ya darasa, upawa ni wako. Pasipo mwenye nusu, Rais atampa anayemtaka."

Rais alikuwa Ebyan. Akai alimtupia blanketi mabegani na kumpa fimbo, akawaambia huyu ni mzee sana, shujaa wa vita, amechoka. Ebyan alianza kukohoa papo hapo, na alikohoa kwa ufundi mkubwa. Vyama vikawa vinne. Puok na Thuok walipewa kila mmoja chama cha wafanyakazi. Lokorio, mtoto wa chifu kutoka Lorugum, ambaye kola yake hukaa imepigwa pasi hata Jumapili, akapewa chama cha wakubwa. Cha nne, Chama cha Kelele, kikamwangukia Guled. Guled alikuwa mchekeshaji wa shule, mtoto ambaye hata walimu humcheka kabla hajafungua mdomo.

Akai alimvuta pembeni. "Kazi yako ni kutafuta wa kulaumiwa. Usiguse kabila la mtu, usiguse dini ya mtu. Tafuta upuuzi mwingine wowote."

"Madam, upuuzi ninao mwingi," Guled alisema.

Kura ya kwanza ilipigwa nyama ikiwa tele. Guled alipanda kiti akapiga kelele kwamba taifa limeibiwa, taifa limedharauliwa, na darasa likamzomea kwa furaha. Aliambulia mikono mitatu. Mmoja ulikuwa wake, na mwingine ulikuwa wa mtu aliyekuwa akijikuna kichwa.

"Mwaka wa 1928 ilikuwa hivi," Akai alisema akiandika ubaoni. "Vita walishashindwa, na pesa yao ilishawahi kuharibika mpaka ikawa karatasi ya kuwashia moto, lakini sasa walikuwa wakila. Kelele haikupata mnunuzi." Kisha akachora sufuria, akaipiga mstari katikati. "Halafu Amerika ikadai mikopo yake. Viwanda vikafungwa. Mamilioni hawana kazi. Na nyinyi, mgao umekatwa nusu."

Hilo neno mgao hulisemi Kakuma ukitegemea mtu acheke. Hata Ebyan aliacha kukohoa.

Guled alipanda kiti tena, na safari hii alianza polepole. "Nusu imeenda wapi? Mimi nauliza tu. Mimi si mtu wa fujo. Nani anakaa karibu na dirisha? Dirisha iko karibu na nini? Na sufuria! Nani anaingia darasani wa mwisho, anatoka wa kwanza?" Alinyoosha kidole. "Benchi ya nyuma!"

Watu walicheka. Lakini kuna vichwa vilivyogeuka kutazama, na vingine viwili vitatu vikatikisika, kama vinavyosema kwani si kweli. Kwenye benchi hilo walikuwepo wanafunzi wanne na Bi Ajwang.

"Kule Ujerumani benchi la nyuma walikuwa Wayahudi," Akai alisema. "Hawakufika hata mmoja katika kila watu mia. Na ulikuwa uongo mtupu, vilevile."

Kura ya pili Guled alipata mikono mingi kuliko chama kingine chochote. Lakini nusu hakufika. Akai alisubiri. Alitamani kupiga mayowe, maana hesabu ilikuwa wazi ubaoni: Puok na Thuok wakiunganisha mikono yao wanampita Guled. Lakini Puok na Thuok walikuwa hawasemezani tangu ile mechi ambayo Thuok alikataa kutoa pasi.

"Ungana naye," mtu alimnong'oneza Puok.

"Na huyu? Afadhali Guled achukue."

"Hata mimi afadhali Guled," Thuok alisema.

Hapo ndipo Lokorio aliponyanyuka, akanyoosha kola, akamwendea Ebyan na kuinama. "Mzee wetu, mpe Guled upawa."

"Yule kijana simpendi," Ebyan alisema kwa sauti ya kikongwe. "Ana makelele."

"Ndiyo maana tunampa, mzee. Tunamtumia. Ataleta watu wake wawili tu, sisi tutakuwa wengi tumemzunguka. Mimi nitakaa hapa, mkono wa kulia. Akileta wazimu namshika. Wiki moja tu, atakuwa anafanya kile tunataka."

Ebyan alikohoa. Alitazama darasa, akatazama fimbo yake. "Nimechoka," alisema. "Haya, mpe."

Wakapiga makofi, jamani! Wakashangilia! Akai aliandika ubaoni: Januari 1933.

Wapishi waliingiza sufuria, mvuke ukijaza chumba. Guled alishika upawa. Kabla hajapakua, sahani moja ya bati ilianguka sakafuni kwa kishindo. Hadi leo watu wanabishana nani aliiangusha. Guled hakuhitaji kujua.

"Hujuma!" alipaza sauti. "Ni watu wa Thuok! Wanataka kumwaga nyama yetu!"

"Mimi niko huku mbali kabisa!" Thuok alilia.

"Ukutani! Chama yako yote ukutani, na mikono yenu haihesabiwi." Wakaenda ukutani wakicheka. "Sasa, wananchi, kuna sheria moja ndogo. Hizi kura zinawachosha. Kuanzia leo tuache, niwe naamua mimi. Wanaokubali?"

Harufu ya nyama ilikuwa puani kwa kila mtu. Mikono ilipanda, ya Guled, ya Lokorio, ya waliokuwa wakitaka tu kula mapema. Ni watu wa Puok peke yao waliokaa wamefunga mikono. "Sisi hapana," Puok alisema, lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

Guled aliwapakulia watu wake kwanza, minofu minene. Lokorio akamgusa mkono. "Guled, tulikubaliana. Sasa wangu."

"Tulikubaliana lini?"

"Si sasa hivi tu! Mimi ndiye nilikupatia!"

"Asante sana. Enda ukae nyuma."

"Mimi Rais nasema..." Ebyan alianza.

"Rais amelala," Guled alisema, na kweli watu walicheka. Kisha akapiga ukingo wa sufuria kwa upawa. "Na benchi ya nyuma hakuna kula. Wote. Na huyo mama wa miwani pia, hakuna."

Lo! Bi Ajwang! Afisa mzima kutoka Lodwar, ananyimwa nyama na mtoto wa bucha mbele ya darasa! Akai angeweza kusimamisha mchezo hapo hapo. Neno moja tu, samahani afisa, ni utani wa watoto, pokea sahani, na heshima yake ingepona. Alifungua mdomo. Bi Ajwang alikuwa ameweka kalamu chini, anamtazama moja kwa moja, na uso wake hausomeki. Akai aliliona duka la shangazi, magunia na mizani na vumbi lake. Kisha akawatazama watoto. Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Walikuwa wanamtazama Guled kama mtu ambaye hawajawahi kumwona, na ilikuwa wazi kwamba kuna kitu kinaingia vichwani mwao, polepole, ambacho chaki ilishindwa kukiingiza. Akaufunga mdomo. Potelea mbali, akaacha.

Puok alinyanyua mkono.

"Madam," alisema. "Hakuna risasi hata moja."

"Hakuna," Akai alisema.

"Tumempa. Sisi wenyewe tumempa, na tumepiga makofi."

"Puok," Thuok aliita kutoka ukutani. "Mimi na wewe tulikuwa wengi kuliko yeye. Iko hapo ubaoni, ona. Tulikuwa wengi."

Akai aliweka chaki chini. "Mchezo umekwisha," alisema. "Guled, lete upawa."

Guled hakuleta. Alisimama na ule upawa, mchuzi ukidondoka sakafuni, na darasa likamsubiri. Akai aliunyoosha mkono wake na kuuacha hapo hapo. Kisha kijana akashtuka, akacheka kicheko chake cha kila siku, akaurudisha. Chumba kikalipuka. Watu walimrukia Guled, wakamvuta masikio, wakamwita mheshimiwa, Ebyan akamchapa kwa fimbo ya urais, na wote wakabeba sufuria nje kwa vifijo.

Benchi la nyuma lilipakuliwa kwanza, na Lokorio ndiye aliyetumwa kupakua, mikono ya shati amekunja, kola imelowa mchuzi. Puok na Thuok walikula sahani moja, wakigombea mfupa na kusemezana mfululizo kana kwamba wanalipa wiki zote zile. Wasichana wa Kiturkana wakaanzisha wimbo wa kumsuta Guled, hapo kwa hapo, kwamba alipewa upawa akadhani ni fimbo ya mfalme. Wakaruka edonga, ngoma yao, vumbi likapanda, na wenzao wa Kikongomani wakaongezea kiuno ambacho edonga haikuwahi kukijua. Bi Jebet, ambaye hayumo, alionekana akirudia kupakua.

Bi Ajwang alikula mpaka mfupa ukawa mweupe. Akai alisimama kando yake na sahani asiyoigusa. Hatimaye mkaguzi alimwita Thuok, akamuuliza lile swali la mtihani. Thuok alijibu bila kumung'unya maneno: njaa, uongo juu ya wachache, wapinzani wasiotaka kukaa meza moja, wakubwa waliodhani watamtumia, na mzee aliyechoka. Hakutaja daraja lolote.

"Vizuri," Bi Ajwang alisema. "Hayo yako kitabuni. Sasa niitie yule aliyeninyima nyama."

Guled alikuja ameinamisha kichwa. "Mama, nisamehe. Ilikuwa mchezo."

"Najua ilikuwa mchezo. Mwalimu alisema umekwisha, ukakaa na upawa. Kwa nini?"

Guled alitafuta mzaha. Alionekana kabisa akiutafuta, macho yakienda huku na huku, na hakuupata.

"Nilitaka kusema sikusikia," alisema, "lakini nilisikia. Ilikuwa tamu, mama. Vile wote walikuwa wananiangalia. Ningepata dakika ingine, hata Madam ningemnyima." Akamgeukia Akai, na sauti ilikuwa ya mtoto sasa. "Madam, tukirudia, usinipe mimi. Na kama nitaomba, hata nikiomba vizuri, nikichekesha watu, mninyime."

Bi Ajwang alivua miwani, akaifuta kwa leso muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akamvuta Guled, akamkumbatia kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukiwa bado umeshika mfupa.

"Mwalimu Akai," alisema, "kazi ni yako. Huyu amejibu swali ambalo hata mimi sikujua kuuliza."

Akai alisikia, lakini ilichukua muda kumfika. Ilipomfika alipiga kigelegele ambacho Bi Jebet alidai baadaye kwamba alikisikia hadi ofisini, ingawa hakuwa ofisini. Alimpa Guled sahani yake, akavua viatu vyake vya kikazi, akaingia katikati ya vumbi, akaruka na watoto wake.